Muulize Bi Fundi: Mzee hasikii vizuri, binti anasoma, na televisheni haina tundu la hedifoni

SWALI

Shikamoo Bi Fundi. Ninaishi Morogoro na mume wangu, watoto wetu wawili na baba mkwe, ambaye ameshavuka miaka sabini. Masikio yake yamepungua nguvu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku anaifungulia sauti mpaka majirani wanafuatilia bila kutaka. Binti yangu yuko kidato cha nne na anasomea humohumo sebuleni, kwa sababu ndipo penye meza na taa nzuri. Nikanunua hedifoni za waya. Nyuma ya televisheni, flati ya inchi 43, nikaona tundu dogo la duara, pini ikaingia vizuri kabisa. Kimya! Spika za televisheni zikaendelea kama hakuna kilichotokea. Dukani nikaambiwa televisheni hii haina tundu la hedifoni. Fundi wa mtaani kwetu anasema tumpe aifungue, aunge nyaya kwenye spika za ndani na kututobolea tundu pembeni. Mume wangu anataka tununue hedifoni za Bluetooth. Tuna king'amuzi cha dishi, na sabufa ambayo hatuitumii sana. Na lipo jambo jingine linanisumbua: nitamwambiaje baba mkwe avae hedifoni bila kuonekana ninamnyamazisha?

*Mkamwana, Morogoro*

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na la haraka: televisheni isifunguliwe. Mshukuru huyo fundi kwa nia njema, lakini asiiguse, na nitakueleza sababu ili hata yeye akisoma gazeti hili aelewe.

Kwenye televisheni nyingi za chogo kazi hiyo iliwezekana. Waya mmoja wa spika ulikuwa umekwenda ardhi ya saketi, kwa hiyo fundi alipata mahali pa kushika. Kwenye flati za sasa, aisi ya sauti, yaani ile chipu inayokuza sauti, inasukuma kila spika kwa nyaya zake zote mbili, na hakuna hata mmoja ulio ardhi. Hedifoni kwa upande wake zina njia tatu tu: kushoto, kulia, na moja ya pamoja. Ili pini iingie, fundi atalazimika kuziunganisha zile hasi mbili za spika ziwe kitu kimoja, na hapo amegonganisha pande mbili za amplifaya. Aisi ikiwa na kinga itajizima. Isipokuwa nayo itaungua, na mara nyingi aisi hiyo imekaa kwenye bodi kuu, ileile inayobeba picha na kila kitu kingine. Zaidi ya hapo, spika za televisheni hulishwa wati kadhaa, ilhali hedifoni zinahitaji sehemu ndogo mno ya wati moja. Mzee akivaa, na mtoto akabonyeza rimoti kwa bahati mbaya, masikio yale machache yaliyobaki ndiyo yatakayoumia. Na humo ndani ya bodi ya umeme kuna kapasita inayoshika zaidi ya volti 300, ambayo huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Televisheni za kazi ya namna hii zinaletwa kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na nyingi zinakuwa hazina sauti tena, si ya hedifoni wala ya spika.

Sasa tundu lako. Washa tochi ya simu usome kilichoandikwa kando yake. Nina hakika kubwa utakuta AV au AV IN. Hilo ni mdomo wa kula, si wa kusemea: limewekwa ili deki au kifaa cha zamani kiingize picha na sauti kwenye televisheni. Pini ya hedifoni huingia kwa sababu kipimo ni kilekile, milimita 3.5, lakini hakuna kitu kinachotoka humo. Tundu halisi la hedifoni huwa na mchoro mdogo wa hedifoni pembeni yake. Pitisha tochi nyuma, ubavuni na chini ya kioo, kwa sababu watengenezaji wengine hulificha. Kama mchoro haupo, basi kweli halipo.

Lakini ulichoniandikia mwishoni ndicho kilichonifurahisha. Una king'amuzi, na una sabufa. Watu wengi wanatafuta sauti kwenye televisheni peke yake, wanasahau kwamba taarifa ya habari haianzii pale. Inaingia kwanza kwenye king'amuzi. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi za Tanzania zina kiboksi hicho chini ya televisheni, na vingi vina matundu ya kutolea sauti ambayo hayajawahi kuguswa tangu siku ya kufungwa dishi, kwa kuwa picha na sauti vyote vinapita kwenye waya mmoja wa HDMI.

Geuza king'amuzi uangalie mgongo wake. Tafuta matundu matatu ya rangi: njano, nyeupe na nyekundu. Njano ni picha, iache. Nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na ya kulia, na kwa kawaida hutoka muda wote hata kama unatumia HDMI. Kisha fungua boksi la sabufa. Utakuta waya wenye pini mbili za rangi hizo upande mmoja, na upande wa pili pini moja ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Waya huo ndio nusu ya kazi. Pini nyeupe kwenye nyeupe, nyekundu kwenye nyekundu. Upande wa pili utakutana na pini ya hedifoni, dume kwa dume, hazikutani. Nenda duka la vifaa vya simu uombe jointi ya pini ya hedifoni, jike kwa jike. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo. Chomeka pini zote mbili kila moja upande wake, na sauti ya taarifa ya habari itakuwa masikioni.

Zima vifaa vyote kabla ya kuunganisha, na mzee asivae mpaka umejaribu wewe mwenyewe kwa sauti ya chini.

Ninachokipendea njia hii ni kwamba sauti zinakuwa mbili, kila moja na mwenyewe. Rimoti ya king'amuzi ndiyo ya mzee. Rimoti ya televisheni ndiyo ya sebule. Pandisha ya king'amuzi, shusha ya televisheni: mzee anasikia kila neno, wewe na mumeo mnasikia kwa chini, na binti akiwa na mtihani mnainyamazisha televisheni kabisa bila mzee kupoteza chochote. Tundu la hedifoni la televisheni mara nyingi hukata spika unapochomeka, na nyumba nzima inabaki kuangalia picha bubu pamoja na mtu mmoja anayesikia. Kwa mzee wa nyumba hilo ni kumtenga. Wewe umekosa tundu ukapata kilicho bora.

Kuna upungufu, nao uujue. Matundu ya nyekundu na nyeupe yametengenezwa kulisha kifaa chenye upinzani wa maelfu ya omu, kama sabufa au redio. Hedifoni za kawaida zina omu 16 mpaka 32. Zikiunganishwa moja kwa moja sauti hutoka, ila ni nyembamba na besi inapotea. Mtu mwenye masikio mazima ataridhika usiku nyumba ikiwa imetulia. Mzee wako hataridhika. Kwa hiyo, kati ya waya na hedifoni weka amplifaya ndogo ya hedifoni. Ni kiboksi kinachoenea kiganjani, kina kitufe cha kuzungusha, kingine hutumia betri ya kuchaji na kingine huchomekwa kwenye tundu la USB la televisheni kupata umeme. Hii nakusihi ununue hata kama itabidi kusubiri mwisho wa mwezi. Kabla hujanunua, angalia sabufa yenyewe, maana baadhi zina tundu la hedifoni mbele au ubavuni. Kama yako inalo, peleka nyekundu na nyeupe kwenye sabufa, hedifoni zichomekwe hapo, na kazi imekwisha.

Ukikuta king'amuzi chako ni kile kipya chembamba, hakina rangi tatu bali tundu moja dogo la AV, usichomeke hedifoni moja kwa moja. Ndani yake picha na sauti vimepangwa kwenye pini ya pete nne, na sikio moja linaweza kupewa mngurumo wa ishara ya picha. Tumia waya wake maalumu unaotoa rangi tatu, halafu endelea kama nilivyosema.

Upungufu wa pili: sauti hii ni ya king'amuzi tu. Siku mkiweka flashi, au mkifungua YouTube ya televisheni yenyewe, hedifoni zitakuwa kimya. Kama mzee anaangalia habari na mpira, hilo halimhusu. Likimhusu, au kama msomaji mwingine ana televisheni yenye king'amuzi ndani kwa ndani, ndipo tunarudi kwenye televisheni na kutafuta tundu lililoandikwa OPTICAL. Ni la mraba, lina kifuniko kidogo, na televisheni ikiwa imewaka utaona mwanga mwekundu ndani yake. Hapo sauti inatoka kwa mwanga, si kwa umeme, mfumo ulioanzishwa na Toshiba mwaka 1983. Hedifoni haziwezi kusoma mwanga, kwa hiyo unanunua konvata: kiboksi kinachopokea waya wa mwanga upande mmoja na kutoa tundu la hedifoni au nyekundu na nyeupe upande wa pili. Umeme wake ni volti 5, USB ya televisheni inatosha.

Watu wengi wanarudisha konvata dukani wakidhani ni mbovu, na chanzo huwa ni kimoja kati ya viwili. Kwanza, waya wa mwanga huja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha, na lazima uvitoe. Pili, mipangilio ya sauti ya televisheni inakuwa imewekwa Dolby au Auto. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka, chagua PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Konvata za kawaida zinaelewa PCM peke yake. Jua pia kwamba rimoti ya televisheni mara nyingi haipandishi wala kushusha sauti ya tundu hili, basi chagua konvata yenye kitufe chake cha sauti.

Televisheni isiyo na OPTICAL inaweza kuwa na HDMI iliyoandikwa ARC, yaani inayoweza kutoa sauti ya televisheni. Zipo konvata za hiyo pia, mradi uchomeke kwenye tundu lenye herufi hizo na si HDMI nyingine, na uwashe CEC, njia ya vifaa kuwasiliana kupitia HDMI, kwenye mipangilio. Hedifoni za USB usizijaribu kabla hujauliza: tundu la USB la televisheni nyingi ni la flashi na la kutoa umeme, halitoi sauti.

Nije kwa mumeo na Bluetooth yake. Mwanangu, mwambie wazo si baya, ila si la baba yake. Hedifoni hizo zinataka kuchajiwa, zinataka kuunganishwa upya zikipotezana na televisheni, na vitufe vyake ni vidogo, vya kubonyeza kwa kukisia. Mtu aliyevuka sabini akikuta leo zimekataa, kesho zimekataa, ataziweka pembeni na kurudi kwenye kupandisha sauti. Waya hauna cha kukariri. Kama waya unakera, zipo hedifoni zisizo na waya za masafa ya redio, zinazokuja na kituo chake. Kituo kinapokea sauti kutoka kwenye nyekundu na nyeupe, mzee akimaliza anazitundika juu yake zinachajiwa zenyewe, na nyingi zina kitufe kikubwa cha sauti. Ukikutana na za namna hiyo na mfuko unaruhusu, chukua bila kusita. Za miale ya infraredi ziache, kwa sababu mtoto akipita mbele ya kituo sauti inakatika.

Waya wa ekstensheni wa mita tano upitishe ukutani na nyuma ya kochi, uufunge kwa vibanio. Usiupitishe katikati ya sebule hata siku moja. Mzee akijikwaa, hasara yake si ya kifaa.

Kuhusu kiwango cha sauti, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Nyumbani hamna kipimo, basi fanya hivi: zivae wewe kwanza pale anapopenda yeye. Zikikuumiza, si kwamba anahitaji sauti zaidi, anahitaji kupelekwa kliniki ya masikio. Nta iliyojaa peke yake inaweza kupunguza usikivu, nayo hutolewa hospitali kwa muda mfupi. Msiichokonoe nyumbani kwa pamba wala funguo. Na kama sikio moja limezima ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpelekeni haraka, asisubiri.

La mwisho, namna ya kumwambia. Hilo si lako kulisema, ni la mumeo. Mkamwana akimletea baba mkwe hedifoni, hata kwa unyenyekevu wote, neno litakalosikika ni "punguza". Mumeo ampelekee siku ya mechi anayoisubiri, si saa mbili usiku binti akiwa amefungua daftari. Akae naye, amvalishe, wasikilize wote mtangazaji akitaja majina ya wachezaji. Asiseme neno kuhusu kelele. Wazee wengi wanaopandisha sauti wanafuata maneno, na sauti ikiwa kubwa chumbani maneno hayo yanazidi kuvurugika kwa mwangwi wa kuta. Kwenye hedifoni yanafika yakiwa safi. Akishasikia mara moja jina ambalo siku zote lilikuwa linampita, hatahitaji maelezo. Na rimoti ya king'amuzi ibaki mkononi mwake.

SWALI

Salamu kwako Bi Fundi. Mimi na mke wangu tunapenda kuangalia tamthilia usiku mtoto akishalala. Nimefuata ushauri wako wa zamani, nina konvata ya OPTICAL na inafanya kazi vizuri. Sasa tunataka hedifoni mbili kwa wakati mmoja. Nikinunua ule waya wa kugawa, sauti itapungua?

*Baba wa Mchanga, Dodoma*

JIBU

Itapungua kidogo, na tatizo kubwa litakuwa kwamba hedifoni mbili zisizofanana hugawana vibaya: mmoja anasikia vizuri, mwingine kwa shida. Mkinunua mbili za aina moja, waya wa kugawa unatosha. Kama kila mmoja anataka sauti yake, tafuta amplifaya ndogo ya hedifoni yenye matundu manne, kila tundu na kitufe chake. Hutumiwa sana studio na makanisani, kwa hiyo ulizia maduka ya vyombo vya muziki, si ya televisheni.

SWALI

Mama, shikamoo. Nina transmita ya Bluetooth kwenye televisheni na hedifoni nzuri tu, lakini mtangazaji wa mpira anapiga kelele ya goli wakati mpira umeshatulia wavuni. Nimechezea mipangilio ya kuchelewesha sauti, hali ikawa mbaya zaidi. Nifanyeje?

*Kijana wa Likoni, Mombasa*

JIBU

Marahaba. Imekuwa mbaya zaidi kwa sababu mipangilio hiyo, kwenye televisheni nyingi, inajua kuichelewesha sauti tu, haijui kuiwahisha. Irudishe sifuri.

Bluetooth inabana sauti, inairusha, kisha hedifoni inaifungua upya, na kwa mfumo wa kawaida, SBC, mzunguko huo mara nyingi hupita milisekunde 150. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeweka kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikichelewa takriban milisekunde 125. Kwa hiyo masikio yako hayana tatizo. Kwanza, angalia kama televisheni iko kwenye hali ya gemu. Hali hiyo inaiharakisha picha, na sauti inaonekana kuachwa nyuma zaidi. Izime uone. Isipotosha, utahitaji transmita na hedifoni ambavyo vyote viwili vina alama ya aptX Low Latency, inayoshusha ucheleweshaji hadi karibu milisekunde 40. Kimoja peke yake hakisaidii, vitarudi kuzungumza kwa SBC.

Na usilipe kabla ya kujaribu. Mwambie muuzaji aweke video ya mtu anayezungumza akiangalia kamera, si muziki wala mpira. Tazama midomo yake kwenye maneno kama "baba", "mama" na "pamba", maana kwenye herufi hizo lazima midomo igusane. Ikiwa imeshaachana na wewe ndiyo kwanza unasikia "ba", rudisha kwenye boksi.